Kupunguza mlio wa kloki kwenye diley ya analogi ya sinthesaiza ya modula

Wakuu, kama una modula ya diley ya analogi kwenye kesi yako basi huu mlio unaujua, ule mwembamba unaopiga mluzi nyuma ya mwangwi kila ukirefusha muda, ukizungusha kinobu nao unapanda na kushuka, ukiongeza fidibaki (mwangwi unaorudishwa kuingia tena) ndo kabisa unajaa chumba. Wengi wakiusikia wanakimbilia filta (saketi ya kukata sauti za juu), wanafunga na kufunga mpaka diley yenyewe imekufa haina uhai na mluzi bado upo palepale. Sababu ni kwamba mlio wa kloki (mapigo ya umeme yanayoendesha chip ya diley) una njia tatu za kufika kwenye spika na filta inaziba moja tu. Unaweza kupita ndani ya sauti yenyewe, unaweza kupita kwenye umeme na graundi, na unaweza kuruka hewani toka waya mmoja kwenda mwingine. Ujue kwanza wa kwako unapita wapi halafu ndo uwashe pasi ya kuchomelea.

Tuanze na chip maana bila kuielewa utakuwa unabahatisha. Diley hizi zinatumia IC za aina ya BBD (bucket-brigade device), wazo la kina Sangster na Teer wa maabara ya Philips kule Uholanzi mwaka 1969. Ndani mna kapasita ndogondogo zimepangwa foleni, 1024 kwenye MN3207, 2048 kwenye MN3208, 4096 kwenye MN3205 (kloni za Coolaudio zinaitwa V3207, V3208 na V3205, idadi ni ileile), na chaji ya sauti inahamishwa toka moja kwenda nyingine kama watu wamejipanga kisimani wanapokezana ndoo. Kloki ndo inayotoa amri ya kupokeza. Muda wa diley ni idadi ya hatua gawanya kwa kloki mara mbili, kwa hiyo V3205 ukiiendesha kwa kHz 10 unapata 4096 gawanya 20000, yaani milisekunde 205 hivi, na ukiiendesha kwa kHz 100 unapata milisekunde 20.

Hapo tayari tatizo limeshajionyesha. Kloki ya kHz 100 hakuna sikio linaloisikia, ila ya kHz 10 karibu kila mtu anaisikia, na watengenezaji walikuwa wanashuka chini zaidi ya hapo ili wapate mwangwi mrefu. Boss DM-2 ya 1981 ina MN3005 moja yenye hatua 4096 na inafika milisekunde 300, piga hesabu utaona kloki yake pale mwisho iko kama kHz 6.8, ndani kabisa ya eneo ambalo sikio linasikia vizuri. Ndo maana mwangwi wa pedali zile una giza, wale jamaa waliamua kukata sauti za juu ili mluzi usitoke, na mimi naona waliamua vizuri. Diley yenye giza unaweza kupigia muziki usiku kucha, yenye mluzi dakika tano tu umeshachoka.

Kwanza pima

Chomoa kitu chochote kilichoingia kwenye modula, weka mchanganyiko upande wa diley tupu, fidibaki sifuri, muda mrefu kuliko wote, halafu sikiliza. Zungusha kinobu cha muda taratibu. Mlio ukifuata kinobu ni kloki. Usipofuata, ukawa umetulia chini kabisa kama mngurumo wa 50 au 100 Hz, huo ni umeme wa ukutani na dawa yake sio hii. Na kama ukimya ni safi lakini ukiingiza hi-hati au mawimbi ya msumeno unasikia milio ya ajabu isiyoendana na noti, hiyo ni sauti ya juu inayojikunja kurudi chini, mfano umeingiza 8 kHz kwenye kloki ya kHz 10 inakutokea kitu cha 2 kHz ambacho hukukipiga, na filta ya kutokea haitaweza kukitoa kwa sababu kimeshakuwa sehemu ya sauti. Hicho kinazuiwa mlangoni, kabla ya chip.

Kama huna oskiloskopu, kadi ya sauti ya kompyuta inayorekodi kwa 96 kHz inakuonyesha mpaka 48 kHz kwenye programu yoyote ya spektramu, ila punguza kwanza kiwango cha sauti maana modula zinatoa kama volti 10 toka kilele hadi kilele na kadi nyingi hazikutengenezwa kwa hilo. Utaona kloki imesimama kama msumari mmoja mrefu na wenzake wafupi pembeni, andika urefu wake, hiyo namba ndo itakwambia kila unachofanya kinasaidia au unajifurahisha tu.

Sasa kipimo muhimu kuliko vyote. Zima umeme, chomoa BBD kwenye soketi (kama imechomelewa moja kwa moja ruka hatua hii), kwenye miguu miwili ya kloki ya soketi weka kapasita ya pF 680 kila mmoja kwenda graundi, na pale sauti ilipokuwa inatokea weka rezista ya 100k kwenda graundi. Zile kapasita usiziache, BBD ya hatua 1024 inabeba karibu pF 700 kwa kila mguu wa kloki, ukiitoa bila kuweka mbadala dereva (chip inayosukuma kloki) anakuwa hana mzigo, anavuta umeme kidogo, na kipimo kitakudanganya kwamba kila kitu ni kizuri. Kwa ya hatua 4096 mzigo ni mara nne ya hapo. Washa. Mlio ukiwa umetoweka basi ulikuwa unapita ndani ya chip. Ukiwa bado upo, hata kama umepungua nusu tu, hiyo nusu inatembea kwenye umeme au hewani na hakuna filta ya mwisho itakayoimaliza yote.

Mlio unaopita ndani ya sauti

BBD ina milango miwili ya kutokea, kwenye zile za miguu minane ni mguu wa 7 na wa 8. Mmoja unatoa sauti nusu ya kwanza ya kloki na mwingine nusu ya pili, ukiiunganisha pengo linajazwa, na kloki yenyewe kwa kiasi kikubwa inajifuta. Neno ni hilo, kwa kiasi kikubwa. Inajifuta tu kama milango yote miwili imelingana, na kwenye chip halisi hailingani kamwe. Modula nyingi za bei rahisi na saketi nyingi za kujitengenezea zinaunganisha hii milango kwa rezista mbili za kudumu na kuishia hapo. Toa hizo rezista, weka trimpoti (rezista ndogo inayozungushwa kwa bisibisi) ya 5k au 10k, ncha moja mguu wa 7, ncha nyingine mguu wa 8, na ile ya katikati iende kwenye filta. Kwa hela ndogo namna hii hakuna kitu kingine kitakachokupa faida kubwa hivi, kwa hiyo kama utafanya jambo moja tu toka kwenye maelezo haya fanya hili.

Kabla ya kuigusa lakini weka sawa bayasi ya kuingilia (volti ya kudumu inayokaa kwenye mlango wa kuingilia wa chip), maana ukiigeuza baadaye usawa unahama. Ingiza mawimbi ya sine kama 300 Hz, ongeza nguvu mpaka vichwa vya mawimbi vianze kukatika, zungusha trimpoti ya bayasi mpaka vinakatika juu na chini sawasawa. Kwenye familia ya MN32 inaangukia jirani na nusu ya saplai ya chip. Hapohapo hakikisha mguu wa VGG umepata volti yake, unatakiwa kuwa 14/15 ya saplai, na dereva MN3102 au V3102 anaitoa tayari kwenye mguu wake wa 8, wala huna haja ya kutengeneza kigawanyo chako.

Halafu ndo usawa. Ondoa sauti inayoingia, kloki iwe chini kabisa, weka proubu ya oskiloskopu kwenye ile ncha ya katikati ya trimpoti, kabla ya filta. Utaona mstari umevunjika ngazi mbili, juu chini juu chini, na vijisindano kwenye kila kona. Zungusha trimpoti kidogokidogo kwa bisibisi ya plastiki (ya chuma inabadilisha kipimo ukiikaribisha tu) na zile ngazi mbili zinasogeleana mpaka zinakuwa mstari mmoja. Vijisindano vitabaki, hivyo usihangaike navyo ni kazi ya filta. Kama hufanyi kwa skopu fanya kwa sikio, pandisha sauti ya kutokea, kuna sehemu moja mluzi unazama halafu ukiipita unarudi, rudi hapo uiache. Zungusha kinobu cha muda uangalie kwenye kloki za kati pia, wakati mwingine pazuri kwa chini kabisa sio pazuri kwa kati, basi pendelea chini kwa sababu ndo kunakosikika.

Sasa filta, na hapa watu wanakosea hesabu. Filta ya ncha nne (inayoshusha desibeli 24 kila frikwensi ikiongezeka maradufu) ukiikata 5 kHz wakati kloki iko kHz 10 unapunguza mluzi desibeli 24 tu. Ukiikata 3.4 kHz unapata kama 37. Ukiweka mbili za hivyo mfululizo unakaribia 75 na hapo umeshinda. Kanuni ninayoifuata ni kukata kwenye theluthi ya kloki ya chini kabisa utakayoitumia, sio nusu kama vitabu vinavyosema, maana nusu ni ya filta kamilifu na hiyo haipo kwenye op-ampu (chip ya kukuza mawimbi) kama TL072. Kwa 3.4 kHz tumia Sallen-Key (saketi ya filta ya op-ampu moja) mbili za kuongeza mara moja, rezista zote 10k, ya kwanza kapasita zote mbili nF 4.7, ya pili nF 12 ikirudi toka mlango wa op-ampu kwenye kiungo cha rezista mbili na nF 1.8 ikienda graundi. Tumia kapasita za filamu au C0G. Mlangoni kabla ya BBD weka nyingine ya namna hiyohiyo.

Halafu kuna suala la viwango, hili linasahaulika sana. Sauti ya modula ni kama volti 10, BBD kwenye saplai ya 5V haivumilii hata robo ya hapo, kwa hiyo unaigawanya kabla ya chip na kuizidisha baada yake, na kila unachozidisha unazidisha na mluzi. Ukigawanya kwa 20 basi umezidisha mluzi kwa 20, desibeli 26 umejiletea mwenyewe. V3207 inakubali mpaka 10V, iendeshe kwa regulator ya 78L08 (inayotoa 8V tulivu) badala ya 5V, itabeba sauti kubwa zaidi, utagawanya kidogo na utazidisha kidogo. Na ongezo liwe baada ya filta, sio kabla. Fidibaki nayo ichukuliwe baada ya filta, ukiichukua moja kwa moja kwenye mlango wa BBD kila mzunguko unaongeza mluzi mpya juu ya ule wa zamani.

Kompanda kama NE571 inasaidia, inabana sauti kabla na kuiachia baada, kwenye ukimya mluzi unazama chini kabisa. Hiyo sehemu ya kuachia iweke baada ya filta. Ikiwa kabla, inaona kloki, inadhani ni muziki, inafungua mlango, na utasikia mluzi unapumua na kila noti, jambo ambalo ni baya kuliko mluzi uliotulia.

Mlio unaopita kwenye umeme

Dereva wa kloki anajaza na kumwaga pF mia kadhaa mpaka elfu kadhaa maelfu ya mara kwa sekunde, kila mara anavuta umeme kwa mshtuko, na ule mshtuko unapita kwenye waya uleule unaolisha op-ampu zako. Mpe dereva na BBD njia yao. Toka +12V pitisha rezista ya ohm 10 halafu kapasita ya µF 100 kwenda graundi, hapo umeanza kukata kila kitu juu ya 160 Hz hivi, ndipo regulator yao ifuate, na nF 100 ya seramiki iwe imegusana na mguu wa saplai wa kila chip, narudia imegusana, sentimita mbili za waya zinaua kazi yake. Op-ampu zichukue umeme kabla ya hiyo rezista, kwa njia yao.

Graundi ndo sehemu ngumu zaidi na ndo inayowashinda wengi. Mkondo wa kloki unarudi kwenye graundi na ukipita njia moja na graundi ya sauti unaacha volti kidogo pale, hiyo volti op-ampu yako inaisoma kama sauti. Graundi ya dereva na BBD iende peke yake mpaka kwenye kiunganishi cha umeme, graundi ya sauti na jeki iende peke yake, zikutane hapo tu. Kiunganishi cha umeme cha Eurorack (mfumo wa modula) cha miguu 10 kina miguu sita ya graundi katikati, yote ichomelewe, nimeona bodi zilizotumia mmoja. Kama mluzi unasikika hata kwenye modula nyingine isiyohusika, mfano VCA (modula ya kudhibiti ukubwa wa sauti) iliyonyamaza, basi unatoka kupitia bodi ya umeme ya kesi, sogeza diley kwenye ncha iliyo karibu na saplai na waya wake bapa uwe mfupi.

Mlio unaoruka hewani

Huu unautambua kwa mkono. Sogeza waya wa jeki ndani ya modula, mluzi ukibadilika umeupata. Waya za kloki ziwe fupi, dereva akae ubavuni mwa BBD, na zisipite sambamba na kiungo chenye rezista kubwa kama mlango wa op-ampu, wala trimpoti na vinobu vya 100k. Ikibidi zipishane, zipishane kwa pembe mraba. Kwenye kila mstari wa kloki weka rezista ya ohm 47 mpaka 100 karibu na dereva, kona za mawimbi zinalainika na zile frikwensi za juu zinazoruka zaidi zinapungua. Usizidishe, ukilainisha sana chaji haihamishwi yote na sauti inakuwa chafu, kwa hatua 1024 ohm 100 ni salama, kwa 4096 anza na 47.

Kama modula ina jeki ya kutolea kloki usiiache na waya mrefu umening'inia, ule ni antena.

Kloki mbili

Kuna mluzi mmoja unawachanganya watu kwa sababu kloki zote ziko juu ya kHz 40, hazisikiki, lakini mluzi upo na unazungukazunguka. Ni BBD mbili kwenye kesi moja, moja kHz 41 nyingine 40.3, tofauti yake ni 700 Hz na hiyo inasikika vizuri sana. Ukiisogeza kloki ya moja kwa LFO (mawimbi ya polepole) mluzi unapaa na kushuka. Kama ni chip mbili za modula moja ziendeshe kwa kloki moja, na kwa sababu mzigo umeongezeka mkaze dereva kwa lango za CD4049 zilizounganishwa sambamba. Kama ni modula mbili tofauti, rudi kwenye sehemu ya umeme, na zitenganishe mbali kwenye kesi, moja mwanzo nyingine mwisho.

Filta inayofuata kloki

Filta ya kudumu ina shida moja, umeipangia kloki ya chini kabisa na ukifupisha diley kwa ajili ya korasi au flenja bado inakukatia 3.4 kHz bila sababu. Dawa ni filta inayosogea. Njia rahisi ni VCF (filta inayoendeshwa kwa volti) ya kawaida yenye mlango wa CV (volti ya kuendeshea), gawanya CV ileile inayoendesha muda, moja iende diley nyingine filta, rekebisha kwa sikio. Doepfer A-188-1 haina filta ya kloki ndani, wameacha makusudi uweke ya nje, na A-108 yao yenye mteremko wa desibeli 48 inafaa sana hapo kwa wale ambao hawataki kuchomelea chochote.

Njia ya pili naipenda zaidi ila inataka kazi. Chukua MAX293, filta ya kapasita za kubadilishwa yenye ncha nane, inakata kwenye kloki yake gawanya 100. Tengeneza kloki kuu moja, ipeleke MAX293 moja kwa moja, na igawanye kwa 32 kwa CD4040 (chip ya kaunta) ndo iende BBD. Ukipiga hesabu inakata kwenye 0.32 ya kloki ya BBD, ile theluthi yetu, na inabaki hivyo popote utakapopeleka kinobu. BBD ikiwa kHz 10 kloki kuu ni kHz 320, ikiwa kHz 70 ni MHz 2.24, na usiende juu sana ya hapo maana MAX293 inaishia kukata 25 kHz. Nayo ina kloki yake inayovuja lakini iko juu mno, rezista ya 10k na nF 1 baada yake inatosha. Angalia tu inakula ±5V, sio ±12V.

Ukimaliza kila kitu iache modula iwake kesi ikiwa imefungwa kama nusu saa, ipate joto lake la kawaida, halafu rudia trimpoti ya usawa mara moja zaidi. Na siku ukibadilisha BBD, hata kwa nyingine ya namba ileile, bayasi na usawa vyote vinaanza upya.